Rangi ya Salon ya Gérard

Bukavu, tarehe 12 mwezi wa pili 1976

Shemeji Apollinaire,

Nakusalimia wewe, Marie-Louise na watoto. Sisi huku tuko, Mungu anatulinda. Eulalie amerudia ku masomo, amekuwa wa tatu mu darasa yake, lakini nyumbani haongei sana. Wadogo zake wanakula na wanalala. Mvua inanyesha kila mangaribi. Muzee Polycarpe, baba yenu mukubwa wa Lwiro, anakohoa, lakini bado anapanda kilima yake bila kushikwa mukono. Mimi pia nimerudia kufundisha watoto wangu wa deuxième, darasa ya pili. Wananiangalia sana, halafu wanasahau.

Asante kwa kilio. Uliacha kazi, ukapanda ndege, ukamuzika ndugu yako Gérard vizuri. Watu wanasema: Mama Eulalie iko nguvu, bwana yake amekufa na halii. Shemeji, si nguvu. Sisikii tu kitu. Wakiniambia kula, nakula. Wakiniambia lala, nalala.

Sasa neno yenyewe. Wakati ya kilio tulitosha viti mu salon, tukaviweka inje, watu wakakaa chini ku mikeka na kuegemea ukuta, siku mingi. Vichwa na migongo imeacha mustari mweusi, inazunguka salon nzima, kwa kimo ya mutu mwenye kukaa. Na nyuma ya fotei ya Gérard, kiti yake kubwa, kuna ile alama ingine, ya zamani, ya kichwa yake na mafuta yake ya nywele. Unaijua. Nilimugombeza kwa ile alama tangu tulioana.

Lazima tupake mbele ya kuondoa kilio, siku ya kumaliza matanga, mu mwezi wa tisa. Anaclet, fundi wa rangi wa hapa Nguba, alikuja kuangalia. Akaniuliza: Maman, mat ao brillant? Mat ni rangi ya maji, haing'ai, inaficha makosa ya ukuta. Brillant ni ya mafuta, inang'aa, uchafu unaipanguza na kitambaa. Sikujua kumujibu. Na kwetu mujane hagusi nyumba bila kuuliza watu wa bwana yake, njo maana nakuuliza wewe, mudogo wake. Sema moja, nimuambie.

Muzee Polycarpe anasema siku ya kuondoa kilio atasema nani atakaa mu fotei ya Gérard. Unajua mu familia yenu mwenye kukaa pale anariti yote, na mujane ndani yake. Nilimuitikia "ndiyo, Muzee", sawa vile naitikia kila kitu siku hizi.

Ukae na amani,
Domitille


Kinshasa, tarehe 30 mwezi wa tatu 1976

Mama Eulalie,

Mbote mingi toka Kinshasa! Barua yako ilitembea sana mbele ya kunifikia. Nafikiri ilipanda boti, ikashuka kununua samaki, ikapanda tena. Lakini imefika, na tumefurahi. Tuko wazima. Joto huku ni ya kupika yai ku kichwa. Marie-Louise walimutosha jino, shavu imevimba, lakini mudomo bado inafanya kazi yake yote, hofu usiwe nayo. Anakusalimia sana, anasema atakuandikia peke yake. Ku bureau tuna chef mupya. Anapenda kuitwa Citoyen Directeur hata tukiwa mu ngazi ya escalier.

Sasa rangi. Mama Eulalie, hiyo ni swali? Brillant! Huku mutu mwenye heshima anapaka brillant. Mu salon ya chef wangu unaona taa mbili, moja inaningʼinia juu na ingine iko mu ukuta. Mat ni rangi ya dispensaire, ya nyumba ya wagonjwa. Ukiiegemea unasimama na chaki ku mugongo kama mwalimu, unisamehe. Umuambie Anaclet aoshe ukuta na sabuni, asugue, akwangue fasi yenye mafuta mpaka ku simenti, halafu apake mara mbili. Mutu akiingia atasema hii nyumba imejengwa jana.

Nilimuandikia Muzee Polycarpe kwamba umeniuliza. Niliona ni vizuri ajue. Jibu yake ilinifikia upesi kuliko barua yako, naye kalamu yake ni nzito. Amefurahi sana. Nakuambia tu.

Nikitaka kuandika jina ya ndugu yangu, mukono inasimama. Basi tuongee rangi, rangi haina ubaya.

Shemeji yako,
Apollinaire


Bukavu, tarehe 25 mwezi wa ine 1976

Shemeji Apollinaire,

Nakusalimia na nyumba yako yote. Pasaka imepita. Eulalie aliimba mu misa, watu wakasema iko na sauti ya papa yake Gérard. Mudogo alikuwa na malaria, amepona. Mama yangu alishuka toka Luvungi na mihogo na muchele kidogo, alikaa juma moja, akarudia. Jino ya Marie-Louise inaendelea namna gani?

Muzee Polycarpe alikuja juzi na kibuyu ya kasiksi, pombe ya ndizi. Hakuna sikukuu, lakini alikuja nayo. Alikunywa, akaangalia ukuta, akasema: "Mutoto yangu, umefanya vema. Mwanamuke akimuuliza mwanaume habari ya ukuta, amekwisha kumupa nyumba." Nikamuambia: Muzee, niliuliza rangi tu. Tena si rangi, ni namna ya rangi. Alicheka mpaka akakohoa. Akasema maji ikimwangika haizoleki, na kwamba wewe umejibu, mimi nimeuliza, yeye kazi yake imekuwa nyepesi.

Sasa mutaa yote inajua. Kwa misa ya asubui mama mumoja alinishika mukono, akaniita bibi ya bwana wa Kinshasa. Nilimurudishia mukono yake.

Shemeji, mimi niliuliza kwa adabu. Naandika hii pole pole ili nawe uisome pole pole. Sitaki kusema neno yenye kuharibu familia yenu. Watoto ni wenu, najua. Nikimukatalia Muzee mbele ya watu, atawapeleka Lwiro, na mimi nitarudia kwetu Luvungi na valizi moja ya nguo. Nikikubali, sijui. Nimejaribu kufikiri nikikubali itakuwa namna gani, na sioni kitu, ni kama kuangalia ndani ya sufuria yenye imeoshwa.

Marie-Louise amesikia haya? Amesema nini?

Domitille


Kinshasa, tarehe 9 mwezi wa sita 1976

Mama Eulalie,

Salamu mingi. Joto imepungua, usiku tunajifunika. Watoto wanakusalimia. Mukubwa anataka kuwa pilote, mudogo anataka kuwa mukubwa. Ku bureau hakuna mupya, isipokuwa mashini ya kuandika imepoteza herufi E, na sasa sisi wote tunaandikwa bila E.

Habari njema: nimepata rangi! Bido ine, sawa madumu, ya brillant, crème, ile ya kweli, na rulo yake. Unajua namna vitu vimekuwa tabu mu magazini tangu serikali ilizinyanganya wageni na kuzigawanya, kwa hiyo usiniulize nilifanya namna gani. Zinakuja na Citoyen Edouard wa bureau yetu, anaenda likizo ya congé kwao Bukavu. Umupe chai, ni mutu muzuri.

Muzee anaandika kwamba ile alama nyuma ya fotei itoke kabisa. Anasema mwenye kuingia asikute kichwa ya mwengine imekwisha kukaa. Mimi niko mudogo mu familia, Mama Eulalie. Wakubwa wakisema twende, sisi tunauliza tu tubebe nini. Hata Gérard alikuwa hivyo mbele ya Muzee, uliona mwenyewe.

Basi. Crème ni rangi ya furaha. Itakupendeza.

Apollinaire


Bukavu, tarehe 2 mwezi wa saba 1976

Shemeji Apollinaire,

Nakusalimia. Tuko wazima. Masomo imefungwa, Eulalie amepanda darasa. Vumbi imeanza, ziwa haionekani vizuri asubui.

Citoyen Edouard alifika na bido zote. Moja ilivuja mu ndege, akapata crème ku suruali toka goti mpaka chini. Nilimupa chai na mukate. Asante kwa zawadi. Ziko chini ya meza mu salon, watoto wanazikalia wakicheza karata.

Nilikuuliza habari ya Marie-Louise mara mbili. Mbele alikuwa ananiandikia, anatia hata mufano wa kushona robe ndani ya enveloppe ya barua. Tangu Pasaka sina hata mustari. Wewe unaniambia watoto wananisalimia. Nani anawapikia?

Domitille


Bukavu, tarehe 8 mwezi wa munane 1976

Shemeji Apollinaire,

Nakusalimia. Sikungojea jibu yako. Watoto ni wazima, Muzee anakohoa, mama yangu iko.

Nimepaka salon. Nimepaka mat.

Nikueleze yote, usisikie ku midomo ya watu. Anaclet alikuja na ngazi yake. Alisugua ule mustari ya kilio na sabuni, ikatoka yote, maji ikawa nyeusi ndani ya beseni. Akafika nyuma ya fotei. Akasema: "Maman, hii ya papa imeingia ndani. Kwanza niikwangue, halafu brillant, utaisahau. Ukipaka mat juu yake, mafuta itapita, itarudia." Nikamuambia: usikwangue, paka mat. Akashuka ku ngazi. Akasema: "Maman, hukunisikia, nasema itarudia." Nikamuambia: nimesikia, Anaclet, paka. Alinunua mat nyeupe kwa muhindi wa pale chini, mwenye walimurudishia magazini yake, siku ile ile, mbele nibadilishe mawazo. Sikubadilisha.

Shemeji, ile "paka" ndiyo neno ya kwanza nilisema mimi mwenyewe tangu mwezi wa kwanza, tangu Gérard alikufa. Mingine yote nilikuwa naitikia.

Jumapili iliyofuata ilianza kuonekana, manjano kidogo, kama chai imemwangika. Sasa iko wazi. Eulalie alinifuata mu jikoni, akasema: Maman, papa amerudia ku ukuta. Nikamuambia ndiyo, nimeona, mwaga maji ya maharagi.

Brillant yako sikuitupa, ni zawadi. Nimeipaka ku milango na madirisha. Inang'aa mpaka mbuzi ya jirani anasimama kujiangalia. Bido mbili zimebaki.

Sikumuuliza mutu. Kama unataka kumuonyesha Muzee hii barua, umuonyeshe.

Domitille


Kinshasa, tarehe 27 mwezi wa munane 1976

Mama Eulalie,

Nimepata barua. Sijamuonyesha Muzee. Nafika tarehe 10 mwezi wa tisa, kama ndege inapenda.

Marie-Louise iko kwa mama yake ku Matadi tangu mwezi wa tano. Alisoma barua ya Muzee mbele yangu, akakunja nguo zake, akaenda. Dada yangu anawapikia watoto. Uliuliza, nimejibu.

Apollinaire


Kinshasa, tarehe 3 mwezi wa kumi 1976

Yaya Domitille,

Nakusalimia. Watoto ni wazima, mimi pia, kazi inaendelea. Nisamehe nilirudia upesi bila kuagana na wewe vizuri. Niliogopa nikikaa Muzee atanipiga fimbo, na mu umri yangu ni haya.

Wewe ulikuwa pale siku ya kuondoa kilio, uliona yote. Lakini uliangalia chini, kwa hiyo nikuambie namna mimi niliona.

Ningeweza kukudanganya, ningesema nilitoka Kinshasa na mawazo ya kukataa. Hapana. Mu ndege nilikuwa nimekubali. Nilijiambia: ni desturi, ni watoto wa Gérard, nyumba iko kubwa, Marie-Louise atazoea, wanawake wengine wamezoea. Nilikuwa nimekwisha kugawanya mwaka, miezi fulani Bukavu, miezi fulani Kinshasa, kama mutu wa biashara. Nilivaa koti ya abacost mupya, ile ya wakubwa. Nikafika ku mulango yako, na kwa ile brillant yangu mwenyewe nikajiona: mutu munene ndani ya abacost, mwenye kuja kuchukua. Sikujipenda.

Nikaingia. Wazee wamekaa. Na juu ya fotei, kichwa ya ndugu yangu. Yaya, ulisema mu barua "iko wazi", nilifikiri ni doa tu. Mutu akikaa mu ile fotei, kichwa yake inafunika ile alama sawasawa. Nikaelewa kwa nini Muzee alitaka itoke, na kwa nini wewe ulitaka ibaki. Ulishindwa kusema hapana mbele ya wazee, ukamuachia Gérard aseme.

Lakini si alama ilinisimamisha, niseme ukweli. Muzee alisema "Kaa". Nilikuwa nimekwisha kukunja magoti. Pale ukaleta kibuyu ya kasiksi, ukapiga magoti, ukaninyoshea. Nikaangalia uso yako. Hukukasirika. Hukuogopa. Ulikuwa kama mutu mwenye kumupa maji mupita njia, hajali kama atakunywa ao atamwaga. Nikajiambia: huyu mwanamuke, kama nikikaa hapa, ataniletea kibuyu na ile uso mpaka kufa.

Njo nilisimama. Nikashika kibuyu na mikono mbili, nikasema kwa nguvu ili wote wasikie: "Asante, Yaya." Na nikakunywa nikiwa nimesimama.

Hakuna mutu wa kwetu mwenye anaweza kuriti yaya yake, dada yake mukubwa. Nikikuita hivyo mbele ya wazee, imekwisha, hata Muzee hawezi kufungua tena. Alijua. Aliangusha fimbo na hakuna mwenye alimuokotea. Nikasema tena, sababu nilikuwa nimekwisha kuanza: "Yaya yangu aliniuliza rangi tu, nikamujibu." Halafu nikatoka inje, nikatapika kasiksi nyuma ya nyumba. Hiyo hukuiona. Usimuambie mutu.

Muzee hanijibu barua. Nilimuandikia Marie-Louise ku Matadi, yeye pia hajanijibu. Nangojea wote wawili. Nani atanisamehe kwanza, sijui.

Nimeogopa tena jambo moja: kama Muzee amechukua watoto wa Gérard. Niandikie upesi.

Mudogo wako,
Apollinaire


Bukavu, tarehe 16 mwezi wa kumi na moja 1976

Mudogo wangu Apollinaire,

Nakusalimia. Barua yako ilikawia, lakini yangu pia imekawia, sababu nilitaka nikuandikie neno yenye imekwisha.

Watoto wako hapa. Muzee Polycarpe alinyamaza zaidi ya mwezi muzima. Kila nikisikia mutu ku mulango, nilikuwa nahesabu nguo ya watoto mu kichwa, nani atabeba nini. Juma iliyopita alikuja. Hakukaa. Alisimama mu salon, akasema: "Nyumba ikae na watoto wa Gérard, na mwenye kuwapikia." Jina yangu hakuitaja. Nikamuambia asante, Muzee. Akauliza kama kuna kasiksi. Nikamuambia hakuna, kuna chai. Akakunywa chai na sukari mingi, akaenda zake. Kuhusu wewe hakusema kitu, lakini akiwa ku mulango aliuliza: "Na yule mujinga wa Kinshasa, bibi yake amerudia?" Nafikiri ni njia yake. Umuandikie tena.

Nimemuandikia Marie-Louise mimi mwenyewe. Nilimuambia bwana yake alifanya nini mbele ya wazee, na kwamba sikumuomba. Atakusikia wewe ao atanisikia mimi, hatukosi.

Sasa kingine. Muzee alipoondoka nilirudia mu jikoni kukata sombe, majani ya mihogo, kwa chakula ya mangaribi. Sikuwa na mawazo yoyote. Nikaona nimekata mingi, nimekata kwa kipimo ya watu wa zamani, na sehemu ya Gérard ndani. Miezi yote hii nilikuwa nakata sawa, mikono ilikuwa imejifunza kupunguza. Ile siku imesahau. Na nikaanza kulia. Si kulia kidogo. Nilipiga kelele, nikajitupa chini mu jikoni, kisu upande moja, sombe upande moja, vile watu walitaka nifanye siku ya kwanza na sikuweza. Jirani walitoka. Eulalie alikuja mbio toka inje, amekufa na woga, akanishika mabega:

"Maman, ni nani? Nani amekufa?"

Nikamuambia: "Ni papa yako, mwanangu. Papa yako amekufa."

Akakaa chini karibu yangu, tukalia.

Yaya wako,
Domitille